Maji Yaliyozoleka

Saa kumi na dakika tano, kila siku ya shule,
dakika kumi na moja tu, haizidi:
familia ya kalunguyeye ndani ya birika la buluu,
baba Bramli, bibi yao Bi Tisli,
na Moki asiyefunga kinywa hata akilala.

Mimi nimetoka hospitali, nimesugua sakafu usiku kucha,
nimelala saa tatu, nimeamka na kichwa kizito.
Salhiya mapajani, mkate na siagi mkononi,
ghorofa ya tisa, Dundee,
upepo unapiga madirisha kama mdai asiye na haya.

Kiingereza changu nilikipata pale.
Si darasani, wala kwa msimamizi aliyemeza nusu ya maneno;
kwa Bi Tisli, bibi wa miiba na miwani,
aliyesema polepole kana kwamba ananiona nimekaa.
Kizibo, mvuke, samahani, kesho:
yote nimeyatoa birikani.
Siku ya kwanza kusema na daktari wa mtoto
nilisema kwa sauti ya kalunguyeye.
Hakucheka. Au alingoja nitoke.

Na katuni yenyewe ilikuwa hivi:
birika litabonyea, litaviringika ngazini, litavunjika mdomo,
na kabla ya muziki wa mwisho limenyooka, linang'aa.
Kesho yake hakuna anayekumbuka.
Kwetu husemwa, maji yakimwagika hayazoleki.
Mle yalizolewa kila alasiri, tone kwa tone, mbele ya macho yangu,
nami nikaamini, kidogo,
mwaka ule baba yake alipochukua koti na sanduku dogo
akasema anakwenda Aberdeen, wiki mbili.

Sasa wameifanya sinema.
Salhiya ana miaka kumi na mitatu, amenyoosha nywele,
anatembea hatua nne mbele yangu
asije akaonekana na mama yake na katuni ya watoto.
"Naja kwa ajili yako," ameniambia nyumbani.
Bisi ndoo moja. Bei yake sitaitaja.

Kwenye skrini kubwa miiba inahesabika, mmoja mmoja.
Bi Tisli ana sauti nyingine; yule wa kwanza amekufa.
Sikuambiwa na mtu. Nilijua kwa pumzi ya kwanza,
kama unavyojua chai iliyopikwa na mgeni jikoni kwako.

Kisha mafuriko. Mto unalibeba birika,
Moki juu ya kifuniko, wengine ndani wanapiga ukelele,
mawe, panya-buku wezi, daraja, maporomoko,
watoto wa safu ya mbele wamesimama vitini,
na birika linazama.

Nangoja linyooke. Nimezoea.
Dakika kumi na moja zimepita, zimepita tena.
Halinyooki.

Gizani kitu kikanigusa kiwiko.
Nikadhani ni ndoo ya bisi.
Ulikuwa mkono, una chumvi, una siagi,
nami sikugeuka, maana ningegeuka ungeondoka.

Mwishoni wanahamia kwenye buti la mvua, la kushoto,
lililosahauliwa na mtu shambani.
Linavuja kidoleni. Bi Tisli anatandika majani,
anatazama huku na huku, anasema neno moja
ambalo kwenye televisheni hakuwahi kulisema.
Nikanong'ona: kasemaje?
Salhiya akapekua Kiswahili chake,
akakipekua kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni.
"Ni kama," akasema. Akanyamaza.
"Ni kama tulivyofanya sisi."

Nje mvua. Basi likatupita, tupu, taa zote zinawaka.
Akatangulia, hatua mbili, labda tatu,
akilalamika njia nzima hadi kwenye lifti
kwamba panya-buku hawakuchorwa vizuri,
mikia mifupi mno, na nani alisema
panya wanajua kupiga makasia.